Posa imekuja na kwetu tunasemwa tuna damu ya upofu, nimwambie mchumba ama ninyamaze?

BARUA

Assalamu alaikum mama, shikamoo. Tafadhali usitoe jina langu, mji huu mdogo na watu wanasoma.

Mimi nina miaka 27, nauza leso kwenye duka la watu pale Biashara Street, nakaa Mji wa Kale na mamangu, nyanya na kakangu mkubwa, babangu alishatangulia mbele za haki. Shida yangu ilianza Ramadhani ya mwaka jana, nikawa naona vidoa vyeusi vinaelea kwenye jicho la kushoto, nikihamisha jicho navyo vinahama, nikasema ni saumu, halafu ukungu ukaingia taratibu, ikafika mahali nikimtandazia mteja leso jina lake silisomi, namwachia mwenzangu asome. Nikaenda kemisti nikauziwa matone, wekundu ukapoa lakini ukungu ukazidi, ndo mamangu akanipeleka hospitali. Daktari wa macho akanitia dawa ya kupanua mboni, akaangalia na taa yake muda mrefu mpaka shingo inauma, akasema nyuma ya jicho kuna kovu la zamani na pembeni yake kidonda kipya, ugonjwa unaitwa toksoplasmosi, ni kidudu kinachotoka kwa paka au kwa nyama isiyoiva. Nikapimwa damu, na ukimwi pia wakanipima (sina, alhamdulillah), nikapewa Septrin na vidonge vya prednisolone kwa wiki kadhaa. Ukungu mwingi uliondoka, kimebaki kidoa kimoja pembeni ambacho daktari anasema ndo kovu lenyewe hilo, nizoee. Sa hii naendelea na Septrin, si kila siku, ya kuzuia usirudi.

Sasa mama, siku ile daktari aliuliza, kwenu kuna mwingine mwenye shida ya macho? Mamangu ndo akajibu, akasema kakangu ana makengeza tangu mdogo na jicho lile halioni kitu, na dadake mamangu, yaani mama mkubwa wangu anayekaa Kisauni, jicho lake moja limekufa miaka mingi. Daktari akasema, tena kwa kupita tu, ati kuna watu jeni zao zinafanya macho yao yaumizwe na vimelea hivi kuliko wengine. Basi. Mamangu katika yote aliyoambiwa alirudi nyumbani na neno hilo moja. Kuanzia siku hiyo kwetu ni damu, damu, damu.

Na hapo hapo posa ikaja. Kijana tunajuana, anafanya kazi bandarini, kwao Likoni, mtu mzuri wallahi na mimi nampenda. Wazee wake walikuja wakapokewa vizuri wakaambiwa watapewa jibu. Halafu kuna mtu, na namjua ni nani, aliona Septrin kwenye mkoba wangu dukani, akaenda kusema kule kwao ati mimi namezea ukimwi. Hilo likakanushwa, lakini likazuka lingine, ati ukoo ule wanazaa vipofu. Kijana mwenyewe hajaniuliza kitu, ananipigia simu kama kawaida, na mimi nashindwa hata kucheka naye vizuri.

Mamangu anasema ninyamaze mpaka nikah ipite, nikishaingia nyumbani kwangu nitamwambia polepole. Nyanya anasema tuachane na hao wa ng'ambo, niolewe na mtoto wa mama mkubwa, ati wetu atatusitiri, siri ikae ndani. Binamu yangu wa London kanitumia wasap, anasema kuna kampuni unatema mate kwenye kichupa unawapelekea wanakusomea jeni zako zote, atalipa yeye, nikitoka msafi nichape karatasi nimuonyeshe kila mtu. Na kakangu amewachukia paka, sababu nyanya anawalisha paka wa mtaa mlangoni kila asubuhi, wamegombana mpaka nyanya akagoma kula kutwa nzima.

Mama mimi nimechoka. Nikinyamaza naona namdanganya mtu. Nikisema naona nawavua nguo mamangu na kakangu, manake yeye pia ataoa siku moja inshallah. Na usiku nalala nikifikiria mtoto, nikizaa mtoto akawa na jicho kama la kakangu nitasemaje? Nishauri.

Msichana wa Mji wa Kale, Mombasa

JIBU

Wa alaikum salaam mwanangu, marahaba. Pole na jicho, na pole zaidi na maneno ya watu.

Umeniletea mambo mengi, posa, mate ya London, paka wa nyanya, lakini nikiyaangalia yote yamesimama juu ya jambo moja ambalo kwenu naona hakuna aliyeliuliza, kwamba ugonjwa huu uko kwenye damu yenu na wewe ndo utaubeba uvuke nao Likoni. Mamako anataka kuificha hiyo damu, nyanya anataka kuirudisha ndani, binamu anataka kuipima, kakako peke yake ndo amewaendea paka. Hebu tulitazame hilo kwanza kabla hatujafika kwa kijana.

Kwenu mnahesabu macho matatu. Katika hayo matatu lililoangaliwa na daktari likatajwa ugonjwa wake ni moja tu, lako. La mama mkubwa hakuna anayejua limekufa na nini. Kuna mtoto wa jicho, kuna presha ya macho, kuna surua ya utotoni, kuna trakoma, na kuna watu wazima wengi tu walichomwa na kijiti wakiwa wadogo wakatiwa dawa ya majani jicho likaishia hapo. La kakako, makengeza tangu mdogo na jicho lisiloona, hilo linawezekana kabisa ni toksoplasma, manake kovu likikaa katikati ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, mtoto anashindwa kulitumia jicho lile nalo linakwenda upande. Inawezekana, sijasema ndivyo. Hajapimwa.

Sasa nisikilize hapa vizuri sababu ndo penye kitu. Mtoto hupata kidudu hiki tumboni pale mamake anapokipata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, au muda mfupi tu kabla ya kuishika. Akishakipata mwili unajijengea kinga, na mimba zinazofuata kwa kawaida huwa salama. Kwa hiyo hata tukisema kakako alikipata tumboni, wewe uliyemfuata ni vigumu sana kuwa ulikipata njia hiyo hiyo. Wewe utakuwa ulikipata ukiwa tayari duniani, kwenye chakula au maji au mchanga, na pengine yeye pia.

Hii si hesabu yangu. Kusini mwa Brazil kuna mji unaitwa Erechim, madaktari wa macho wa huko walikuwa wanaona ndugu wa nyumba moja, zaidi ya mmoja, wote wana makovu haya, na wakati huo ilikuwa inaaminika kovu la namna hiyo karibu kila mara mtu amezaliwa nalo. Mwaka 1988 daktari mmoja wa huko, Claudio Silveira, na wenzake wakaandika kwamba hesabu hiyo haiingii, mama hawezi kuwaambukiza watoto mfululizo kila mimba, hawa wamekipata baada ya kuzaliwa. Utafiti wa 1992 wa eneo hilo hilo ulikuta karibu watu 18 kati ya kila 100 wana kovu nyuma ya jicho. Mji mzima huo mwanangu, si ukoo. Watu wa ukoo mmoja wana damu moja, sawa, lakini pia wana jiko moja, tangi moja la maji, ubao mmoja wa kukatia nyama na paka wale wale.

Lakini usiondoke hapa ukidhani daktari wako alisema uongo, hakusema. Inakisiwa kama theluthi ya watu wote duniani wana kidudu hiki mwilini na wengi wanazeeka wanakufa hawajajua. Kwa nini huyu hakimfanyi kitu na yule kinampanda machoni, hilo limewasumbua wataalamu miaka na miaka. Sehemu ya jibu ni kidudu chenyewe, kina aina nyingi, na vya Amerika Kusini vimeonekana kuwa vikali kwa macho kuliko kile cha kawaida cha Ulaya. Sehemu ni kinga ya mtu, ndo maana ulipimwa ukimwi, haikuwa kukushuku tabia. Na sehemu ni hizo jeni. Kule Chicago kuna daktari Rima McLeod ambaye amewafuatilia kwa miaka mingi watoto waliozaliwa na ugonjwa huu, na mwaka 2008 yeye na watafiti wenzake wa Marekani na Ulaya walitoa kazi iliyoonyesha kuwa aina fulani za jeni mbili, ABCA4 na COL2A1, zinaambatana na ugonjwa kufika machoni kwa watoto hao. Ziko nyingine zimetajwa baadaye, nyingi ni zile zinazohusika na jinsi mwili unavyopambana na kidudu. Zote zinafanya kitu kimoja, zinaongeza au kupunguza uwezekano kidogo. Hakuna hata moja inayoleta ugonjwa huu. Mwenye jeni zote hizo asipoingiwa na kidudu hapati toksoplasmosi hata aishi miaka mia.

Na sisi wa pwani jambo hili tunalo nyumbani. Jeni ya seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ukiipata kwa mzazi mmoja tu, inakukinga sana na malaria kali, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya hii hii, ndo aliyelionyesha hilo mwaka 1954. Kwa hiyo nyumba moja mbu wale wale wanauma watoto wawili, mmoja anabebwa hospitali hajitambui, mwingine homa siku mbili kisha huyo uani anacheza gololi, na tofauti inaweza kuwa jeni. Mbona hatujasikia posa imekataliwa ati ukoo ule ni wa malaria?

Basi tuje kwa mate ya London. Sikatazi, ni mate yako. Lakini jiulize karatasi ile itakwambia nini. Hakuna kipimo cha jeni ambacho daktari wa macho anakitumia leo kuamua nani atapata toksoplasma ya jicho na nani hatapata. Ukitoka "msafi" haina maana jicho halitarudi kuuma, na ukitoka na kialama fulani haina maana mwanao ataumwa, ila kwenye kinywa cha yule mwenye kukuchungulia mkoba kialama hicho kitakuwa hukumu ya kwenu nyote mpaka wajukuu. Tena ukisha kuonyesha karatasi ya jeni kupata mume, kakako naye ataombwa yake. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inahesabu habari za jeni kuwa nyeti, pamoja na za afya, maana yake hata serikali inaona si kitu cha kusambaza wasap. Kuna faida pia, sikatai, pengine moyo wako utatulia kidogo. Mimi naogopa utatulia kwa sababu isiyokuwepo.

Ukitaka jeni ya kuulizia, ulizia G6PD, ile inayosaidia kulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake uko sana pwani, na mwenye nao baadhi ya dawa zinaweza kumvunja chembe za damu, akawa manjano na mkojo kama chai ya rangi. Dawa za salfa, na Septrin imo humo, madaktari huwa waangalifu nazo kwa watu hao. Wewe umeshameza na hujasema umedhurika kwa hiyo usishtuke, ila kama kwenu kuna aliyewahi kupata hayo baada ya dawa, mwambie daktari. Na ukiona vipele vimekutoka mwili mzima au mdomo umechubuka baada ya Septrin, hiyo ni ya kwenda siku hiyo hiyo, usingoje kliniki.

Mtoto sasa. Najua hapa ndo unapokosa usingizi. Kumbuka nilivyosema, hatari kubwa ni kwa mama anayekipata mara ya kwanza akiwa mjamzito. Wewe umeshakipata, tena kovu lako ni la zamani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ni nzima hilo kwa kawaida linamlinda mtoto aliye tumboni, na tofauti zipo lakini ni nadra, kama vile kinga ikiporomoka. Yaani ukitazama vizuri, wifi yako wa Likoni ambaye hajawahi kukipata ndo anayefaa kujihadhari na nyama nusu mbichi akibeba mimba kuliko wewe unayesemwa. (Usiende kumwambia hivyo lakini.) Kilicho chako ni jicho lako, linaweza kurudi kuuma wakati wowote, hata wa mimba, na dawa zake si zote zinafaa miezi ya mwanzo, Septrin yenyewe inagombana na vitamini ya folik ambayo mtoto anaihitaji mapema sana. Kwa hiyo mazungumzo na daktari yawe kabla ya kushika mimba, usingoje mpaka umeshika.

Kwa nini linarudi? Dawa unazokunywa zinaua vidudu vilivyoamka, lakini vingine vimejifunga kwenye vifuko vidogo pembeni ya kovu na huko dawa haifiki, ni kama kunguni wa kitandani, unapuliza dawa wanakufa walio nje na waliojificha ndani ya mbao wanangoja. Ndo sababu ya hiyo Septrin yako ya kuendelea. Huko huko Erechim waligawa wagonjwa 124 mafungu mawili, waliokuwa wakimeza tembe moja kila siku ya tatu walirudiwa kama 7 kati ya 100 katika miezi 20, wasiomeza karibu 24. Kwa hiyo usije ukaiacha kimyakimya sababu ya macho ya watu dukani. Ihamishie kichupa kingine kisicho na jina ukitaka, andika mwenyewe kipimo na tarehe ya kuharibika, lakini meza.

Haya, kijana.

Mamako anasema ngoja nikah ipite. Tusimdharau, hilo ni shauri la mtu aliyeona posa zikivunjika kwa mambo madogo kuliko haya, na kweli ukisema leo kuna uwezekano akamwambia mamake, mamake akamwambia dadake, habari ikavuka feri mara tatu kabla ya alasiri. Posa inaweza kulegea. Hiyo hatari ipo na utaibeba wewe, si mimi ninayeandika hapa. Lakini kunyamaza nako kuna gharama zake. Utakuwa unameza dawa nyumba moja na mtu huku unaificha. Jicho likirudi utahitaji hospitali siku hiyo hiyo, si baada ya kutafuta uongo wa kuagia. Na tayari amesikia, mwanangu. Umeniandikia mwenyewe kwamba maneno yalifika kwao mara mbili. Kijana aliyesikia ukimwi, akasikia upofu, na bado anakupigia simu kama kawaida, sijui wewe unamsoma vipi, mimi naona huenda naye anangoja umwambie ama hataki kukuaibisha kwa kuuliza. Huenda pia haamini tu. Wewe unamjua.

Jambo jingine, unachosema si kimoja. Ukimwambia "kwetu tuna ugonjwa wa macho wa ukoo" umemwambia kitu ambacho hata daktari hajakisema, na umemsemea kakako na mama mkubwa ambao hawajakutuma. Unaweza kusema lako peke yake, kwamba mwaka jana vimelea vilinishika jicho, nikatibiwa, naona vizuri ila kuna kidoa kimebaki, vinaweza kurudi ndo maana nina dawa, haviambukizi kwa kula sahani moja wala kulala pamoja. Yote kweli, na hujamvua mtu nguo. Akiuliza ya kakako mwambie amuulize mwenyewe. Unaweza pia kumwalika kliniki amsikie daktari, wanaume wengine wanaamini zaidi wakisikia kwa mwenye koti jeupe, ndivyo walivyo. Au ukamwambia kupitia mtu mzima mmoja unayemwamini kwao, ingawa njia hiyo naiogopa, kila mdomo unaongeza chumvi yake.

La nyanya silisemi sana, ndoa za ndugu kwetu zipo na zimedumu. Ila kama kweli nyanya anaamini ni damu, basi mtoto wa mama mkubwa ndo damu ile ile mara mbili. Muulize kwa heshima, akiwa ametulia, uone atasemaje. Na huyo mtoto wa mama mkubwa, kuna mtu aliyemuuliza kama anakutaka?

Kwa hao wote mimi namuonea huruma mamako. Wewe ulisikia jeni, yeye alisikia "ni wewe." Ana mtoto wa kiume mwenye jicho lisiloona tangu mdogo, miaka yote hiyo pengine anajiuliza alikula nini, alishika nini, alimkosea nani wakati wa mimba, halafu anakaa kwenye kiti cha hospitali mtoto wa pili jicho linauma na daktari anamuuliza yeye habari za kwao. Lazima angeondoka na neno lile. Kabla hujazungumza na kijana zungumza naye, mwambie ile habari ya mama kutoambukiza kila mimba, mwambie hata kama kakako alikipata tumboni hakuna alichokosea, zamani hizo nani alikuwa anawapima wajawazito toksoplasma? Hata leo si wengi wanaopimwa. Huenda akilegea moyo shauri lake pia likabadilika. Huenda lisibadilike.

Na paka jamani. Kakako ana haki ya hasira lakini amekosea adui. Paka kwa kawaida anatoa mayai ya kidudu hiki kwenye kinyesi wiki moja mpaka tatu hivi, pale anapokipata mara ya kwanza, mara nyingi akiwa mdogo ameanza kuwinda panya, baadaye hatoi tena au ni nadra. Kumpapasa si shida. Kinyesi kikiwa kipya hakijawa na hatari, inachukua siku moja mpaka tano ndo mayai yanaiva, kisha yanaweza kukaa kwenye mchanga wenye unyevu mwaka na zaidi. Kwa hiyo kuwafukuza hawa wa leo, ambao pengine walishamaliza zamani, ni kuwapisha vitoto vipya vya wiki ijayo. Mchanga wa ujenzi ufunikwe, uani pazolewe kila siku, mikono ioshwe, na tangi la maji lifunikwe sawasawa, hilo usilipuuze, kule Santa Isabel do Ivaí, huko huko Brazil, mwaka 2001 watu mamia waliugua na ikafuatwa mpaka kwenye tangi la maji la mji ambalo paka alikuwa amezalia hapo. Sisi ambao maji yanakatika tunajaza mapipa na mitungi wiki nzima, tuna la kufikiria. Nyanya aendelee na matumbo yake ya samaki, paka hukipata zaidi kwa panya, ndege na nyama mbichi.

Na nyama. Mishkaki mizuri lakini iive mpaka ndani isiwe na wekundu, na Idi mkichinja mbuzi ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kachumbari. Katika mlolongo wote huu hilo ndo dogo na ndo linalosahauliwa.

Vidoa vikianza kuelea tena usipite kemisti. Baadhi ya matone ya wekundu yana steroidi, dawa ya kupoza uvimbe, na steroidi bila dawa ya kuua kidudu inaweza kukipa nafasi kikatafuna retina huku jicho kwa nje linapendeza.

Wazee wa Likoni waliambiwa watapewa jibu, hawakuambiwa lini. Mwambie mamako aombe muda mpaka urudi kliniki ukaulize haya ya mimba na ya dawa, hiyo si kukataa wala kukubali. Na ukienda mchukue kakako, hata pale Coast General wana kliniki ya macho, atiwe dawa ya mboni naye aangaliwe. Mama mkubwa pia kama atakubali kuvuka kutoka Kisauni.